Chombo kimeshaunganishwa, mbona hakiruki?

Swali: "Mtaalamu, salamu. Kila nikisoma habari za vyombo vipya vya kubeba wanaanga naambiwa chombo kimeshaunganishwa, halafu miaka inapita kingali chini kinajaribiwa. Hivi wanajaribu nini muda wote huo? Na kama kimefaulu majaribio yote, mbona kikifika juu matatizo bado yanajitokeza? Au majaribio haya ni ya kututuliza tu?"

Salamu, ndugu yangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari michache, lakini hilo swali lako la mwisho limenikalisha. Majaribio ni ya kweli, na yana gharama kubwa. Ila watu wengi huyaelewa kama mtihani wa shule: umefanya, umefaulu, umepewa cheti, yamekwisha. Sivyo. Jaribio linakuambia jambo moja dogo tu, kwamba kifaa hiki, kikiwa kimefungwa namna hii, kiliistahimili hali hii siku hii. Ukilegeza boliti moja baada ya hapo, kwa sehemu ile umerudi ulikotoka. Na kama hali uliyokijaribia si ile kitakayokutana nayo juu, cheti unacho, lakini ni cha safari nyingine.

Tuanze na hilo neno "kimeunganishwa". Chukua kapsuli ya Orion ya Marekani. Mwili wake wa ndani, ule unaobeba hewa ya kupumua, hutengenezwa kwa vipande vikubwa 7 vya alumini iliyochanganywa na lithiamu. Huunganishwa katika kiwanda cha Michoud, New Orleans, kwa msuguano: pini inayozunguka hupita kwenye kiungo na kuuvuruga metali uliolainika hadi pande mbili zinakuwa kitu kimoja bila kuyeyuka. Kinachotoka hapo ni ganda tupu. Halina waya, halina bomba, halina kiti. Husafirishwa hadi Florida, kwenye Kituo cha Kennedy, na huko kabla ya kufungwa chochote cha maana hujazwa hewa kwa presha kubwa kuliko itakayokutana nayo kazini.

Mwaka 2012, ganda la Orion ya kwanza kwenda angani lilipokuwa likipewa presha hiyo, mbavu tatu za sehemu yake ya chini zilipata nyufa. Halikuvuja, lakini nyufa ni nyufa. Wahandisi walibuni vishikizo vya kuimarisha sehemu hiyo, wakavifunga, wakarudia jaribio mwaka uliofuata likapita. Chombo hicho kiliruka bila watu tarehe 5 Desemba 2014. Kwa hiyo usifikirie kwamba kuna hatua ya kuunganisha na baada yake hatua ya kujaribu. Mambo haya mawili yamesukwa pamoja tangu siku ya kwanza. Unafunga kidogo, unapima, unafunga tena. Sehemu ya nyuma ya Orion, yenye injini na paneli za jua, hutoka Bremen, Ujerumani, ikiwa imepimwa huko kivyake. Ikishaungana na kapsuli, kila bomba na kila waya unaovuka mpaka ule unahitaji kupimwa upya, hata kama kila upande ulikuja na makaratasi yake safi.

Nikupe picha ya karibu, maana hapa ndipo muda unapoishia. Bomba la mafuta limeunganishwa na vali. Fundi hulizungushia kifuko cha plastiki pale kwenye kiungo, kisha bomba hujazwa heliamu. Hutumiwa heliamu kwa sababu chembe zake ni ndogo mno, hupenya mahali ambapo maji au hata hewa ya kawaida isingepenya. Baada ya muda fundi huingiza ncha ya mashine ya kunusa ndani ya kifuko. Mashine ikisoma heliamu kupita kiwango, kiungo kinafunguliwa, kinasafishwa, kinafungwa tena, na saa zinaanza kuhesabiwa upya. Boliti ikikazwa kwa spana ya kipimo, huchorwa mstari wa rangi unaotoka kwenye kichwa chake hadi kwenye bati. Ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, na anayepita na tochi anauona. Na plagi ya nyaya? Kila ikichomolewa huandikwa. Pini zake ni nyembamba, huchakaa, hupinda. Ukichomoa plagi moja yenye nyaya 60 ili upate nafasi ya kufikia kisanduku kilicho nyuma yake, umejipa kazi ya kuthibitisha upya nyaya zote 60, ingawa hukuwa na shida nazo.

Sasa utaelewa kwa nini wahandisi wa vyombo hivi huchukia ukarabati wa dakika za mwisho. Kubadilisha kisanduku chenyewe kunaweza kuchukua asubuhi moja. Kukifikia na kisha kurudisha imani kwa kila ulichokigusa njiani kunaweza kula wiki.

Jambo jingine ambalo habari huwa hazisemi ni kwamba kinachoteswa sana si chombo kitakachobeba watu. Hutengenezwa pacha wake, ambaye kazi yake ni kuumia. Pacha huyo hubanwa na kuvutwa kupita mzigo utakaotokea safarini. Kwa miundo ya vyombo vya watu, kipimo cha kawaida cha NASA, shirika la anga la Marekani, ni mara 1.4 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa. Chombo cha safari chenyewe hutikiswa kwa kiasi tu, kwa lengo la kunasa kosa la mkono wa fundi: skrubu iliyolegea, risasi iliyochomelewa vibaya, waya uliobanwa chini ya bati. Ukikitikisa kama pacha wake utakuwa umemaliza maisha yake kabla ya kuruka. Basi ukisoma kwamba "kimefaulu jaribio la mtikisiko", uliza kwanza ni kipi kilichofaulu, pacha au chenyewe. Ni habari mbili tofauti.

Majaribio makubwa ya mazingira ndiyo yanayopigwa picha nyingi. Mwishoni mwa 2019 Orion ya safari ya Artemis I, ile ya kuzunguka Mwezi bila watu, ilipakiwa ndani ya Super Guppy, ndege yenye tumbo la kuchekesha inayofunguka pua, ikapelekwa Sandusky, Ohio. Huko kuna chemba ya ombwe, yaani inayotolewa hewa yote, iliyo kubwa kuliko zote duniani, yenye upana wa mita 30 hivi na kimo cha mita 37. Hewa hutolewa, kisha chombo huunguzwa upande mmoja na kugandishwa upande mwingine, kutoka karibu nyuzi 157 za Selsiasi chini ya sifuri hadi karibu nyuzi 149 juu yake. Orion ilikaa humo zaidi ya siku 40. Ombwe lina hila yake: mezani, kompyuta ikipata moto, hewa huubeba ule moto ukaondoka. Kwenye ombwe hakuna wa kuubeba. Joto lisipopata njia ya chuma kwa chuma linabaki pale pale, na kifaa kilichofanya kazi miezi mitatu maabara kinazima kwa saa moja. Jirani ya chemba hiyo kuna ukumbi wa kelele unaoweza kufika desibeli 163. Kelele ya namna hiyo huwezi kuiita sauti tena, ni mkono unaosukuma na kuvuta kila bati jembamba mamia ya mara kwa sekunde.

Hadi hapo utasema: sawa, wamekipika, wamekigandisha, wamekipigia kelele, kimebaki nini? Hapa naingia kwenye nusu ya pili ya swali lako, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni ngao ya joto ya chombo hicho hicho.

Ngao ya Orion ina upana wa mita 5 na imefunikwa na Avcoat, kitu kinachoungua taratibu kwa makusudi ili joto liondoke na majivu badala ya kuingia ndani. Hakuna maabara duniani inayoweza kuichukua ngao nzima ya ukubwa huo na kuipa joto na kasi ya kurudi kutoka Mwezini. Hivyo hukatwa vipande vidogo na kuwekwa mbele ya mkondo wa gesi iliyochemshwa kwa umeme, katika kituo cha Ames, California. Vipande vilifaulu. Artemis I ikaruka Novemba 2022, ikarudi tarehe 11 Desemba, na ngao ilipokaguliwa ilionekana imemeguka katika sehemu zaidi ya 100. Vipande vya tabaka lililoungua viling'oka badala ya kupungua taratibu. Ndani ya kapsuli joto lilibaki la kawaida, na NASA ilisema kama kungekuwa na watu wangekuwa salama. Lakini haikutarajiwa.

Uchunguzi ulimalizika na kutangazwa Desemba 2024, na jibu lake linapindua fikra. Tatizo halikuwa kwamba jaribio la chini lilikuwa laini mno. Lilikuwa kali mno. Joto kubwa la maabara liliunguza uso wa Avcoat haraka, uso ukawa na vitundu, gesi zinazozaliwa ndani zikapata pa kutokea. Safarini, chombo kilirudi kwa kudunda: kinazama angahewani, kinapanda kidogo, kinazama tena. Kati ya kuzama na kuzama joto lilishuka, uso haukuungua vya kutosha kufungua vitundu, lakini ndani gesi iliendelea kutengenezwa. Haikuwa na mlango. Ikajaa, ikapasua. Walioamini kwamba ukijaribu kwa ukali zaidi ya safari basi uko upande wa usalama, na imani hiyo imejaa katika uhandisi wote, mimi nikiwemo, walipata somo la kemia. Walipoirudia hali ya safari kwa usahihi, joto la chini lile, nyufa zilitokea maabara.

Kuna pengo la aina nyingine, ambalo halihitaji kemia yoyote. Tarehe 20 Desemba 2019, Starliner ya Boeing iliruka bila watu kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilipoachana na roketi, saa yake ya ndani ilikuwa imekosea kwa saa 11. Chombo kikadhani kiko hatua nyingine kabisa ya safari, kikaanza kurusha injini ndogo kujirekebisha pasipo sababu, mafuta yakaliwa, kituo hakikufikiwa. Saa ile ilichukuliwa kutoka kwenye kompyuta ya roketi kabla ya wakati wake. Programu ilikuwa imejaribiwa, ndiyo. Ila kuiendesha mfululizo kutoka kurushwa hadi kutia nanga kituoni kungechukua zaidi ya saa 25, hivyo ilionekana ni busara kuigawa vipande. Kipande cha kurushwa kiliishia pale chombo kinapoachana na roketi. Kipande kilichofuata kilianza na saa iliyowekwa sawa. Kosa lilikuwa limekaa kwenye mshono, na hakuna kipande kilichokuwa na mshono ndani yake.

Starliner hiyo hiyo imetoa mafunzo mengi, tena mengine ikiwa bado ardhini. Agosti 2021, siku ya kurushwa ikiwa imekaribia, vali 13 kati ya 24 za kioksidishaji, kemikali inayoyapa mafuta oksijeni ya kuwakia, ziligoma kufunguka. Unyevu wa hewa ulikutana na mvuke wa kemikali hiyo uliopenya kwenye lakiri (vizibo) za vali, ukazaa asidi, asidi ikala alumini, kutu ikazishika vali. Hakuna jaribio lililokuwa limefanywa vibaya. Ni kwamba chombo kilikaa kimejazwa mafuta katika hewa ya Florida, na kukaa nako ni hali ya kujaribiwa. Kilipobeba watu kwa mara ya kwanza, Juni 2024, injini ndogo 5 kati ya 28 zilizimika zikikaribia kituo. Injini kama hizo ziliwashwa chini, White Sands, New Mexico, kwa mpangilio ule ule wa safari, ndipo ikaonekana kwamba joto lililojikusanya linavimbisha kipande kidogo cha tefloni kinachoziba njia ya mafuta. Kapsuli ilirudishwa tupu mwezi Septemba, na wanaanga wake, Butch Wilmore na Suni Williams, wakarudi na chombo kingine Machi 2025.

Naona umeshaanza kuuliza: basi jaribio likiwa la mfululizo, na la hali halisi, tuko salama? Hapana, kwa sababu jaribio lenyewe ni tukio katika maisha ya chombo, na linaweza kukidhuru au kuua.

Apollo 13, safari ya kwenda Mwezini, watu huikumbuka kama ajali ya angani. Mimi huihesabu kuwa ajali ya ardhini iliyochelewa kulipuka. Tangi la oksijeni namba 2 lilikuwa awali limefungwa kwenye chombo cha Apollo 10. Lilipokuwa likitolewa kiwandani kwa marekebisho, boliti moja ilisahaulika. Kreni ikanyanyua, rafu iliyobeba tangi ikapanda kama sentimita 5, ikashindwa, ikadondoka mahali pake. Lilikaguliwa, likaonekana zima, likahamishiwa chombo kingine. Machi 1970, katika zoezi la hesabu ya kurudi nyuma pale Florida, oksijeni ilijazwa na baadaye ikakataa kutoka kwa njia ya kawaida. Inaelekea bomba la ndani lilikuwa limelegea tangu siku ile ya kreni. Wakaamua kuwasha hita za ndani ya tangi ili oksijeni ichemke itoke yenyewe. Hita ziliwaka saa 8. Swichi za kuzima joto likizidi zilikuwa za volti 28, kama umeme wa chomboni. Umeme wa ardhini ulikuwa volti 65. Zilipojaribu kufunguka ziliyeyuka zikagandamana, na kuanzia hapo hapakuwa na kitu cha kuzima hita. Aliyekuwa akitazama kipimo hakuona hatari, kwa sababu sindano haikutengenezwa kuonyesha zaidi ya nyuzi 30 hivi. Nani angehitaji zaidi, wakati swichi ingeshazima? Ndani ya tangi joto lilikadiriwa kufika nyuzi 538. Ganda la tefloni la nyaya likaungua. Tangi likajazwa tena, likarushwa Aprili, na siku ya tatu ya safari likalipuka: fundi wa swichi hayupo, wa kreni hayupo, wako watu watatu tu.

Apollo 1 nitaisema kwa ufupi, maana ni nzito na inajulikana. Tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifungiwa ndani ya kapsuli kwa zoezi ambalo halikuorodheshwa kuwa la hatari, kwa kuwa roketi haikuwa na mafuta. Kapsuli ilijazwa oksijeni tupu kwa presha iliyozidi kidogo ya nje, na mlango ulifunguka kwa ndani. Cheche ikatokea. Presha ya moto ikaubana mlango, na wote watatu wakafa. Baada ya hapo mlango ulibuniwa upya ufunguke kwa nje kwa sekunde chache, na hewa ya wakati wa kurushwa ikachanganywa na nitrojeni. Ninachotaka ukione ni ile orodha: mtu alikaa akagawa mazoezi ya hatari na yasiyo ya hatari, akatazama mafuta, akasahau hewa.

Kwa upande mwingine, siku mbaya ardhini inaweza kuwa siku njema. Tarehe 20 Aprili 2019 kapsuli ya Crew Dragon ya kampuni ya SpaceX iliyokuwa imetoka angani mwezi uliotangulia ililipuka ikiwa imefungwa kwenye jukwaa la majaribio, sekunde 0.1 hivi kabla injini zake za kuokoa watu hazijawashwa. Kioksidishaji kilikuwa kimevuja kupita vali isiyotakiwa kurudisha kitu nyuma, kikatulia kwenye bomba la heliamu. Heliamu ilipofunguliwa kwa nguvu, tone lile liliigonga vali ya titani kama risasi, na titani ikashika moto. Metali hiyo ilikuwa imetumiwa miaka mingi na kemikali hiyo. Hapakuwa na mtu ndani. Vali zile ziliondolewa, vikawekwa visahani vya chuma vinavyobaki vimeziba kabisa hadi presha ivipasue, na tarehe 30 Mei 2020 wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken waliondoka na chombo cha aina hiyo. Nikisikia mtu anakicheka chombo kilicholipuka jukwaani bila mtu ndani, huwa najua hajawahi kufikiria mahali pengine kingeweza kulipukia.

Kwa hiyo kukujibu moja kwa moja: muda mrefu unaouona hauishi kwenye yale majaribio yenye picha. Unaishia kwenye kufungua na kufunga, na kwenye mabishano ya kama jaribio la mwaka juzi bado linahesabika baada ya vali kubadilishwa mwaka jana. Matatizo ya juu hutokea hasa pale vitu viwili vilivyopimwa mbalimbali vinapokutana, au pale safari inapokuwa laini, ndefu au yenye unyevu kwa namna ambayo hakuna aliyeiigiza.

Na majaribio hayakomi watu wakishaingia. Jioni ya tarehe 15 Novemba 2020, wanaanga wanne wa Crew-1, safari nyingine ya Crew Dragon, walikuwa wameshafungwa mikanda na mlango umeshafungwa. Jaribio la mwisho la kuvuja likaonyesha presha imepungua kidogo sana. Mafundi wakaufungua mlango, wakapitisha macho kwenye lakiri yote inayozunguka ukingo wake, wakakuta kichafu kidogo. Wakakifuta, wakafunga, wakapima upya, na roketi ikaondoka kwa wakati wake.